Lenzi Moja, Kutoka Mikumi Hadi Lamu

Mwenye kamera akikutana na mwenzake safarini, swali la kwanza huwa lilelile: "Hiyo inavuta mpaka wapi?" Nimelisikia kwenye bandari ya Malindi kule Unguja, nimelisikia ndani ya gari la wageni Mikumi, nimelisikia nikiteremka gatini Lamu. Limewatoa watu pesa nyingi kwa lenzi wasizozihitaji. Mimi naanza kwingine. Nauliza: utasimama wapi? Kati yako na unachokipiga pana hatua ngapi, na ukitaka kurudi nyuma, nyuma yako pana uwanja au pana ukuta?

Daftari ninalosafiri nalo nimeliandika kwa kipimo hicho, mahali kwa mahali: Mji Mkongwe, Lamu na kijiji chake cha Matondoni, Kilwa Kisiwani, Mikumi. Kila nilipopita nimeandika umbali, mwanga na lenzi iliyofaa. Ninayemwandikia ni msafiri wa kawaida, mwenye begi moja, anayetaka lenzi moja isiyovuliwa kwenye kamera tangu anaaga nyumbani mpaka anarudi.

Mji Mkongwe, Unguja

Nianze na mlango, maana ni nadra mgeni kuondoka Unguja bila picha ya mlango. Chukua mmoja wa kuchongwa, wenye urefu wa mita 3 ukihesabu na nakshi ya juu. Kwa kamera yenye sensa kubwa, yaani ile ya milimita 24 kwa 36 sawa na filamu ya zamani, ukiishika kamera wima, lenzi ya milimita 50 inakudai zaidi ya mita 4 ndipo mlango uingie mzima. Ya 35 inakudai karibu mita 3. Ya 24 inakudai mita 2. Sasa upime uchochoro. Njia nyingi za Mji Mkongwe hazifiki hata hizo mita 3, na pembeni mwa mlango pana baraza, na barazani wamekaa watu wanaozungumza. Ukiwa na 50 utaupata mfaa na ubao mmoja. Mlango wenyewe huupati.

Kipande hicho nacho kina heshima yake. Ukisogea hadi nusu mita, unaanza kuona misumari ya shaba ilivyochakaa upande ule mikono ya wenyeji inapogusa kila siku, na minyororo iliyochongwa ubavuni inavyopanda bila kukatika, na chini kabisa samaki na mawimbi. Picha kama hiyo humweleza mtazamaji kazi ya fundi kuliko picha ya mlango mzima. Lakini msafiri anataka zote mbili, na hapo ndipo lenzi ya zumu inayoanzia 24 inapojilipa. Wengine hununua inayoanzia 28 wakidhani ni mamoja. Kwa mlango uleule, 28 inakurudisha nyuma sentimita 33 zaidi ya 24. Uwanjani ni nusu hatua tu. Uchochoroni nusu hatua hiyo iko ndani ya ukuta wa jirani.

Kwa kamera zenye sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera inaanzia kama 27 au 29 ya sensa kubwa. Simu nayo, kwa kamera yake kuu, huwa kati ya 24 na 28. Ndiyo maana uchochoroni kijana mwenye simu hupata mlango mzima, na mwenye kamera kubwa yenye 50 amebanwa ukutani akiinama huku na huku.

Ukitoka vichochoroni ukafika bustani ya Forodhani, mambo yanageuka. Pale pana nafasi. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ukilitazama kutoka upande wa bahari unarudi nyuma utakavyo, na 35 inatosha. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na mnara wake. Waliolipiga kabla ya siku hiyo, kwa lenzi yoyote ile, wana kumbukumbu ambayo sasa hakuna lenzi ya kuipata. Kwa hiyo nikifika mahali penye jengo la kale hupiga kwanza picha ya jengo zima, tena kutoka pande zote ninazoweza kufika, kabla sijaanza kutafuta urembo.

Usiku Forodhani unakuja mtihani wa mwanga. Taa za meza za wauza mishikaki na urojo zinawaka, moshi unapanda, mikono haitulii. Lenzi yenye tundu la f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 5 ya f/4, na karibu mara 10 ya f/5.6. Yaani pale f/4 inapokupa sehemu moja ya 20 ya sekunde, f/1.8 inakupa moja ya 100. Kwa moja ya 100 unaunasa mkono wa mpishi ukigeuza mshikaki. Kwa moja ya 20 mkono unakuwa ukungu. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mkono wako wewe mpigaji. Cha kuutuliza mkono wa mpishi hakijaundwa.

Hapo watetezi wa lenzi moja isiyo zumu huwa na hoja nzito, nao wana historia. Kamera ya Leica ya kwanza kuuzwa, mwaka 1925, ilitoka kiwandani na lenzi ya milimita 50 iliyofungwa moja kwa moja. Hukuwa na hiari ya nyingine. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake kwa 50. Picha aliyosema ilimsukuma kuishika kamera kwa dhati ilikuwa ya Martin Munkácsi, inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika: wanakimbia kuingia majini, migongo kwetu, povu miguuni. Kwa hiyo anayesema zumu ndiyo inayoleta picha nzuri ana wazee wengi wa kuwajibu.

Lakini wazee hao walipiga kwa filamu. Filamu ya ISO 400 ilikuwa ndiyo ya kasi kwa mwenda safari. Sensa ya leo inapiga kwa ISO 6400 na picha ikachapishwa bila aibu, na hiyo ni mara 16 ya wepesi wa ile filamu. Fanya hesabu: zumu ya f/4 kwenye ISO 6400 inakupa kasi zaidi ya mara 3 kuliko f/1.8 kwenye filamu ya 400. Ulazima wa tundu pana umepungua sana. Kilichobaki kwa f/1.8 ni giza la kweli, na ule ulaini wa nyuma ya uso unaopendeza kwenye picha za watu.

Lamu na Matondoni

Lamu ina vichochoro kama Unguja, pengine vyembamba zaidi, na punda akija na mawe mgongoni ni wewe unayempisha. Niliyoyaandika kuhusu 24 yanasimama hapa pia. Ila Lamu ina kitu ambacho Mji Mkongwe hauna kwa wingi huo: bahari iliyo karibu, yenye kazi mchana kutwa. Mlango-bahari kati ya Lamu na Manda hupitwa na mashua na majahazi, na ukiketi gatini alasiri, tanga moja halijapotea lingine limeingia.

Jahazi la mita 10 likipita mita 100 kutoka gatini, lenzi ya 50 inachukua upana wa mita 72, na jahazi linakuwa kidoa katikati ya maji. Ya 105 inachukua mita 34. Jahazi linachukua kama theluthi ya picha, na ufuo wa Manda unaonekana nyuma. Ya 200 inachukua mita 18, na hapo unamwona nahodha alivyokaa na msukani. Nimezilinganisha hizi mbili sana, nami napenda picha ya 105. Ile ya 200 ni picha ya chombo. Ya 105 ni picha ya chombo Lamu. Mwenye haja ya uso wa nahodha apande mashua.

Jambo la watu ndilo lililonifanya niamini kwamba lenzi ni adabu kabla ya kuwa kioo. Ukitaka kumpiga mtu kuanzia kiunoni hadi kichwani, ambayo ni kama mita 1, lenzi ya 35 inakuweka mita 1 mbele yake. Ya 50 inakuweka mita 1.4. Ya 105 inakuweka karibu mita 3. Ya 200 inakuweka mita 5 na nusu. Sasa fikiria hatua hizo katika mji wa Kiislamu, mji mdogo ambao kila mtu anajua nani ni wa nani. Kwa mita 1 huwezi kupiga bila salamu. Kwa mita 3 bado mnasikilizana, unaweza kuinua kamera kidogo na kuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa na mambo yakaishia hapo. Kwa mita 5 na nusu, na mtu amegeukia kwingine, umemwibia. Wamama wa Lamu wanazijua vizuri lenzi ndefu. Ikielekezwa kwao tu, ushungi unafunika uso au mgongo unageuzwa. Wana haki.

Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, wanaunda na kutengeneza vyombo. Nilimkuta fundi mtu mzima chini ya kivuli cha makuti anakalafati mashua iliyopinduliwa ubavu. Nikamtolea salamu, akaitikia, nikakaa. Baada ya muda nikamwomba.

"Mzee wangu, naomba kuipiga picha kazi yako."

"Kazi piga. Uso wangu uwache," akasema, wala hakusimamisha nyundo.

Basi nikapiga kazi. Uzi wa pamba uliolowa mafuta ulilala kwenye ufa kati ya mbao mbili. Kidole gumba cha kushoto kiliushikilia, patasi butu ikaufuata, nyundo ikagonga kidogo kidogo: tatu nyepesi, moja nzito, halafu patasi inasogea upana wa ukucha. Pamba ilikuwa inazama, mafuta yanatoka pembeni mwa mbao. Kwa kazi kama hii kinachohitajika ni lenzi inayokubali kusogezwa, si inayovuta. Zumu niliyokuwa nayo, 24-105 ya f/4, inafokasi mpaka sentimita 45, na kwa umbali huo ikivutwa mpaka 105 fremu nzima ni kama sentimita 15 kwa upana: kidole, patasi, ufa, basi. Hamsini ya kawaida ya f/1.8 inakaribiana nayo, fremu ya kama sentimita 17, ila kichwa cha kamera kinakuwa karibu zaidi na nyundo ya fundi, na kivuli chako kinaangukia kazi yake.

Wanaopima lenzi kwa urefu wa kuvuta tu hawaulizi inafokasi kutoka wapi. Kwenye safari ya pwani, penye nakshi, kofia za kushonwa kwa mkono, hina, mikeka na mapishi, naona hilo ni la pili kwa umuhimu baada ya kuanzia 24.

Kilwa Kisiwani

Hapa sitakaa sana. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, chumvi inarushwa, na ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kutovua lenzi. Nimewaona watu wakibadilisha lenzi ndani ya mashua, sensa iko wazi, upepo wa kusi unavuma. Tone moja la maji ya chumvi ndani ya kamera ni gharama kuliko lenzi. Lenzi yenye ukingo wa mpira pale inapoungana na kamera husaidia, lakini ukingo huo ni kinga dhidi ya rasharasha. Wimbi ni habari nyingine.

Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale kabisa ni ya karne ya 11, una nguzo na kuba zinazohitaji 24, na saa za asubuhi jua linaingia kwa mshazari mpaka ndani. Mwanga upo tele. F/4 inatosha na kubaki. Husuni Kubwa, gofu la kasri, iko juu ya ufuko, na ukitaka kuonyesha jinsi ilivyokaa juu ya bahari lazima uipige kutoka majini, mashua ikiwa inayumba. Hapo kizuia mtikisiko na kuvuta mpaka 70 au 80 ndivyo vilivyofaa. Lenzi moja ikafanya yote mawili bila kutoka kwenye kamera.

Mikumi

Huku ndiko lenzi moja inakoshindwa, na ni vyema msomaji ajue mapema. Simba mwenye mwili wa mita 2 akilala mita 50 kutoka barabarani, 105 inachukua upana wa mita 17. Simba ni sehemu moja ya tisa ya picha. Kwa 400 angechukua karibu nusu. Mwenye kamera ya sensa ndogo na lenzi ya 18-200, ambayo kwa hesabu ya sensa kubwa inafika 300, anapata theluthi, na hilo si dogo kwa lenzi inayoingia kwenye begi la mkono. Kwa watu wanaokwenda hifadhini zaidi kuliko mijini, naikubali 18-200, tena bila kinyongo. Wakubali tu kwamba ikivutwa mpaka mwisho inabaki na f/5.6 au f/6.3, na simba hupenda kutembea jioni, jua likishazama. Tena lenzi inayofanya kila kitu, mwanzo na mwisho wake huwa laini pembeni kuliko zumu fupi ya bei ileile.

Nilichogundua Mikumi kwa lenzi ya 105 ni kwamba nililazimika kupiga mahali badala ya mnyama. Twiga watatu na mbuga ya Mkata iliyolala mpaka milimani. Tembo wakivuka barabara kuu ya kwenda Zambia, lori limesimama kuwasubiri. Picha hiyo ya lori na tembo, kwa 400, ingekuwa picha ya sikio. Kwa 50 au 70 ndipo inaposema kwamba barabara kuu inapasua hifadhi ya taifa, na kwamba wanyama na madereva wanaishi na jambo hilo kila siku. Naithamini kuliko simba yeyote niliyewahi kumpiga kwa lenzi ya kuazima.

Uamuzi

Kwa msafiri wa mwambao huu na bara yake, naichagua 24-105 ya f/4. Nikon wana 24-120 ya f/4, nayo ni nzuri vilevile. Mwenye sensa ndogo atafute inayoanzia 16 na kufika 70 au 80. Ile ya 24-70 ya f/2.8 ni lenzi bora ya kazi za harusi na mikutano, lakini ya Canon kwa mfano, toleo la pili, ina gramu 805 dhidi ya 670 za 24-105 ya kwanza, inaishia 70, na mwanga inaouongeza ni mara 2 tu. Kwa anayetembea kutwa juani, uzito huo ni wa kuhesabiwa.

Mwenye pesa kidogo, anayekwenda mijini tu na anayependa watu kuliko majengo, achukue 35 ya f/1.8 au f/2 kwa sensa kubwa, au 23 kwa sensa ndogo. Hatajuta. Hamsini ni nafuu kuliko zote na ina picha safi, lakini kwa vichochoro vyetu ni ndefu.

Kabla hujatoa pesa, fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta. Kila faili la picha ya kamera limehifadhi ndani yake milimita ulizotumia. Pitia zile unazozipenda na uandike namba. Ukiona nyingi ziko kati ya 24 na 50, usinunue 200 kwa sababu mwenzako anayo.

Na kama unanunua ya mkono wa pili, Kariakoo, Nairobi au Mombasa, nenda na tochi. Vua vifuniko vyote viwili, fungua tundu lote, mulika upande mmoja uangalie kutokea upande wa pili, kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Lakini ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi ya unyevu wa pwani, inakula dawa iliyopakwa kwenye kioo na haiponi kwa kufuta. Rudisha lenzi kwa mwenyewe, hata akipunguza bei.

Na yako ikishakuwa nzima, itunze ibaki hivyo: usiifungie kabatini miezi mitatu ndani ya begi la ngozi. Iweke penye hewa na mwanga, pamoja na vile vipakiti vinavyofyonza unyevu. Lenzi inayotumika kila wiki haishikwi na fangasi kwa urahisi.